Ana na Hana

Katika Kiswahili cha kuandika, tajiri na fukara wanatenganishwa na herufi moja. Andika "Juma ana ng'ombe," na Juma ni mtu wa kuheshimiwa kijijini. Ongeza h mbele ya ana, zizi limebaki tupu. Mdomoni tofauti hiyo ni pumzi ndogo tu, na msikilizaji ana mengi ya kumsaidia: uso wa msemaji, kichwa kinachotikiswa, mkono unaopungwa, sauti inayoshuka. Karatasi haina uso. Msomaji amepewa herufi, basi. Ikikosekana moja, hapana inageuka ndiyo na hakuna wa kumwuliza.

Chuo cha ualimu kilinifundisha ukanushi kama mada: hali yakinishi huku, hali kanushi kule, jedwali katikati, na mwisho wa ukurasa zoezi lenye agizo ambalo kila aliyesoma Tanzania analijua, "Kanusha sentensi zifuatazo." Uzito wa mada hiyo nilikuja kuujua Ipole.

Ukitoka Tabora mjini kwenda kusini unapita Sikonge, kisha barabara inaingia kwenye miombo hadi Ipole, mahali inapogawanyika: mkono mmoja unakwenda Koga na Mpanda, mwingine unashuka Rungwa kuelekea Mbeya. Siku hizi barabara ina lami hadi Ipole. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilipopangiwa kufundisha huko, ilikuwa njia ya vumbi, na wakati wa mvua malori yalilala porini. Watu wa pale walikuwa, na bado ni, wakulima wa tumbaku na warina asali. Wenyeji ni Wanyamwezi, pamoja na Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Asubuhi nikipita na baiskeli niliamkiwa "Mwangaluka, mwalimu," na mtoto yuleyule akifika darasani akanipa "Shikamoo." Lugha mbili kabla ya kengele ya kwanza kulia.

Mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Ada ilikuwa imefutwa, watoto wakaja. Walikuja wa umri wa darasa la kwanza na waliokwisha kuupita, waliokuwa wakichunga ng'ombe na waliokuwa wakisaidia kupanga majani ya tumbaku kwenye mabani ya kukaushia. Dawati la watoto watatu lilikaa watano, na mwalimu wa darasa la tatu alikuwa na madaftari ya kusahihisha yasiyobebeka kwa mkono mmoja. Ukisahihisha madaftari mengi kiasi hicho huachi kuona mambo yanayojirudia. Lililojirudia kuliko yote lilikuwa hili: watoto walijua kukataa kwa mdomo, lakini kalamu zao zilikuwa hazijui.

"Atuna kalamu." "Akuna maji." "Mama ajui kusoma." Hayo ni makosa yanayoonekana. Msomaji anayakunjia uso, anasema moyoni mtoto huyu alitaka kuandika hatuna, anaendelea. Kosa la aina hiyo linaaibisha tu. Lipo la aina nyingine, lisiloonekana, na hilo ndilo lenye madhara. Mtoto anayetaka kuandika "hatakuja" akaandika "atakuja" ameandika neno sahihi kabisa la Kiswahili, lenye tahajia safi na maana kamili. Maana yenyewe ni kinyume cha aliyokusudia. Hata mwalimu mwenye kalamu nyekundu anaweza kuliwekea alama ya vema.

Nilikuwa na mwanafunzi ambaye baba yake alikuwa na mizinga yake msituni, kule ndani kabisa, na baba yake mdogo alikuwa akiishi Sikonge na kumtafutia wateja. Wakati huo simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Habari zilikwenda kwa kijikaratasi kilichokunjwa mara nne, kikapewa yeyote anayesafiri. Siku moja mzee yule alimwambia mwanawe: "Mwandikie baba yako mdogo, mwambie sitakuja kesho. Dumu la asali litakuja na basi." Mtoto akaandika: "Baba atakuja kesho. Dumu la asali litakuja na basi." Karatasi ikatangulia na kijana wa baiskeli.

Kesho yake baba mdogo akaenda stendi kumpokea kaka yake. Basi likafika, abiria wakashuka, kaka hayumo. Akaona ameahirisha safari, akageuka kurudi nyumbani, bila kumwuliza kondakta habari ya dumu, maana aliyeandikiwa kwamba mtu anakuja hutafuta mtu kwanza. Dumu likaendelea na safari hadi Tabora. Liliporudi siku kadhaa baadaye lilikuwa limepungua, na hakuna aliyejua limepungulia wapi.

Mzee alinijia shuleni na ile karatasi. Yeye mwenyewe hakusoma. "Mwalimu, nisomee hapa." Nikamsomea. "Soma tena." Nikasoma tena. "Mimi nilimwambia sitakuja. Hiyo si imetoka wapi na imekwenda wapi?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na wakaguzi. Ile si ilikuwa imekwenda kweli, na ilipaswa kwenda. Baba anasema "sitakuja," lakini anayemwandikia mtu mwingine hawezi kuandika "Baba sitakuja." Ni lazima amtoe baba katika nafsi ya kwanza, amweke katika nafsi ya tatu, si iondoke na mahali pake ikae ha. Mtoto alifanya nusu ya kazi: aliondoa si, akaweka a. Ile h haikumjia, kwa sababu katika mazungumzo ya nyumbani kwao, na ya nyumba nyingi, h hiyo haikuwa na nguvu masikioni.

Tangu hapo niliacha kuanza na jedwali, nikaanza na ujumbe. Mtoto mmoja anasimama mbele na kusema jambo la kweli linalomhusu: "Sitakuja Jumatatu." "Sina daftari." "Sijala." Wenzake wanamwandikia habari mtu asiyekuwepo: "Hatakuja Jumatatu." "Hana daftari." "Hajala." Kisha karatasi inapelekwa darasa jingine, inasomwa kwa sauti, na anayesoma anaulizwa: umeelewa nini? Karatasi iliyosema "Ana daftari" ilimrudia mwenyewe ikiwa na jibu la darasa zima: "Basi tumwazime." Kicheko kilifundisha kuliko fimbo, na fimbo, niseme wazi, haikuwahi kumfundisha mtoto yeyote kusikia herufi.

Kusikia ndio mwanzo. Mtoto haandiki asichokisikia. Tulitumia unyoya wa kuku, kitu kisichokosekana kijijini. Unaushika mbele ya midomo kwa vidole viwili na kusema "ana"; unyoya umetulia, au unacheza kidogo. Unasema "hana", unyoya unaruka. "Una," "huna." "Atalipa," "hatalipa." Mtoto aliyeona unyoya ukiruka haambiwi tena kwamba kuna kitu pale mbele ya neno, amekiona kwa macho. Baada ya hapo, wakati wa imla, nilikuwa nawaona wengine wakiinua kiganja mbele ya mdomo, wanalitamka neno kimya kimya, ndipo wanaandika. Hakuna aliyewaagiza kufanya hivyo.

Dawa hiyo ilizaa ugonjwa mwingine. Watoto waliogundua h wakaipenda kupita kiasi. "Mwalimu hamekuja." "Dada hanapika." "Babu halikwenda msituni." Walikuwa wameelewa kwamba h inasahaulika, wakaamua kutoisahau popote. Hapo ndipo jedwali linapofaa, lakini likisomwa kwa njia ya kumpa mtoto ulinzi. Nilichora ubaoni mistari minne. Anavuna, havuni. Amevuna, hajavuna. Alivuna, hakuvuna. Atavuna, hatavuna. Nikawauliza: ile na ya anavuna imekwenda wapi ulipokana? Imetoweka. Ile me? Imekuwa ja. Ile li? Imekuwa ku. Na ta je? Imebaki palepale.

Kwa hiyo mtoto akiona na, me au li ya wakati katikati ya kitenzi, aifute h aliyoiweka mbele, maana kitenzi hicho kinasema ndiyo. "Hamekuja" na "hanapika" hayapo. Lakini akiona ta, asimame. Ta haibadiliki, haimsaidii, haimwonyeshi kama jambo litakuwa au halitakuwa. Hapo uzito wote umebebwa na herufi ya kwanza peke yake. Ndiyo maana dumu la asali lilipotea kwenye wakati ujao. Kama ujumbe ungekuwa "Baba hakuja," hata h ingedondoka, "akuja" ingemshtua msomaji.

Neno "hana" lenyewe huwachanganya, kwa sababu lina na na bado linakana. Nilikuwa nawaambia kwamba na hiyo ni ya kumiliki, si ya wakati. Baada yake linakuja jina la kitu au mtu, si kitenzi kilichoshikamana nayo. Hana jembe. Hana kaka. Yule wa "hanapika" hana hoja.

Kisha kuna mwisho wa neno. Ukanushi wa wakati uliopo una kazi mbele na nyuma: ha mbele, i nyuma. Anasoma, hasomi. Tunalima, hatulimi. Watoto wengi hutazama mbele tu, wanaandika "hasoma" na kuridhika. Kitenzi cha namna hii ni kama dumu: hata ukikaza mfuniko juu, likitoboka chini asali inamwagika. Ila yapo maneno yaliyotoka Kiarabuni ambayo hayakubali kubadili mwisho wake: hafikiri, hajibu, hasahau, hasafiri. Sikuwapa watoto orodha ya kukariri. Niliwaambia watamke kitenzi kwanza; kinachoishia na a ndicho kinachoweza kubadilika, kinachoishia na i, u au e kinaachwa kama kilivyo.

Mwisho wa neno ulitupatia siku nzuri kupita zote nilizozipata katika darasa lile. Tulikuwa tunasoma methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Msichana mmoja aliyekaa nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo, akanyoosha kidole. "Mwalimu, mbona inasema huvunjika? Si afadhali asisikie, kwa sababu havunjiki?" Darasa likacheka, lakini alikuwa amesoma kwa makini kuliko wote. Alijua hu ni ya kukana: huna, hujui, huji. Akaikuta hu katika methali, akaipa kazi aliyoizoea.

Hu ina kazi mbili. Moja ni ya kumkania mtu unayezungumza naye: wewe huvunjiki. Nyingine ni ya mazoea, ya jambo linalotokea kila mara: mkaidi huvunjika. Mbele zimefanana, nyuma zimetofautiana. Husomi, hiyo ni lawama. Husoma, hiyo ni sifa. Tuliziandika mbili hizo kwa herufi kubwa, moja kila upande wa ubao, na kila mtoto akaambiwa achague ile ambayo angependa iandikwe kwenye ripoti yake. Halafu mmoja akauliza habari ya "husafiri," ambayo mwisho wake haubadiliki. Nikawajibu kwamba hapo tahajia imefika mwisho wa uwezo wake. "Husafiri" peke yake inaweza kuwa lawama au mazoea, na sentensi nzima ndiyo inayoamua. "Wewe husafiri siku hizi" na "Wafanyabiashara husafiri sana" hazigombani. Ni vizuri mtoto ajue mapema kwamba kuna mahali herufi zinaishia na akili inaendelea.

Si nayo ina mambo yake, na hapa tatizo ni nafasi. Watoto waliandika "si soma" wakatenganisha, wakaandika "simwalimu" wakaunganisha, kinyume kabisa na inavyotakiwa. Nilitumia kipimo kimoja ambacho bado nakiamini: weka ni mahali pa si. Kama sentensi inasimama, si hiyo ni neno kamili na inaandikwa peke yake. Yeye ni mwalimu. Yeye si mwalimu. Kama haisimami, si ni sehemu ya kitenzi na inashikamana nacho: sisomi, sijui, sikumwona, sitaki. Kwa mazoezi ya imla tulikuwa na sentensi waliyoipenda na kuidai kila Ijumaa: "Sisi si sisimizi." Ina si tano zinazofuatana, na moja tu kati yake ndiyo inayokana na kusimama peke yake. Mtoto anayeiandika bila kosa ameelewa, na anayeikosea anajicheka mwenyewe kabla mwalimu hajafika.

Jambo la mwisho la tahajia lililowasumbua ni silabi zinazojirudia. "Sikukuona" ina ku mbili: ya kwanza ya kukana wakati uliopita, ya pili ya wewe usiyeonwa. Watoto waliandika "sikuona," wakamtupa mtu nje ya sentensi. "Hakukuta" wakaiandika "hakuta." Na "hajaja" waliiona kama utani; wengine waliamini mwalimu amekosea, wakairekebisha kuwa "hajakuja" kwa huruma. Niliwawekea kanuni moja: sehemu ya kukana haili herufi za neno. Kila kipande kinaingia na silabi zake zote, hata zikifanana na za jirani.

Miaka mingi baadaye, nikiwasaidia vijana wa sekondari kusoma Kiingereza, nilikutana na kanuni ileile katika lugha ya mbali. Kiingereza nacho hukana kwa viambishi vya mbele, na watoto wa Uingereza wanahangaika navyo: "unnecessary" ina n mbili kwa sababu un imekutana na neno linaloanza na n, "dissatisfied" ina s mbili mfululizo kwa sababu hiyohiyo. Yule aliyewahi kupigana na "hakukuta" utotoni haoni ajabu. Tofauti ni kwamba Mwingereza hubandika kiambishi mbele ya sifa akamaliza, wakati mtoto wa Kiswahili anapaswa kujua nani anakana, jambo ni la lini, na neno linaishia na nini. Kazi yetu ni ngumu zaidi, na hatuwasifu watoto wetu vya kutosha wanapoiweza.

Wapo waliokuwa wakiniambia kwamba tatizo ni lugha ya nyumbani, kwamba Mnyamwezi hawezi kuipata h kama asivyoweza kutenga r na l. Sikukubali, na leo nakataa zaidi. R na l ni kweli ziliwasumbua. "Hakuludi" niliisahihisha mara nyingi. Lakini h inadondoka mahali pengi ambapo Kinyamwezi si lugha ya nyumbani. Fungua ujumbe wa simu wa kijana yeyote wa Dar es Salaam uone "ajui," "akuna," "atuwezi," na mstari unaofuata "hamefika." Mtoto wa Ipole hakurithi udhaifu kutoka kwa bibi yake. Alikosa mtu wa kumsikilizisha.

Ushahidi ulikuwa humohumo darasani. Watoto waliokuwa wakienda madrasa jioni hawakunisumbua sana kwa upande wa h. Kiarabu kimewazoesha kutofautisha ha mbili na kha yao, kwa hiyo sauti ya koo haiwapotei. Walikuwa Wanyamwezi kama wenzao, wametoka nyumba za jirani, wanaongea Kinyamwezi kilekile wakiwa machungani. Kilichowatofautisha ni mafunzo ya sikio.

Na madrasa hizo zina historia katika nchi ile. Uislamu na Kiswahili viliingia Unyamwezi kwa njia moja, ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, na mizigo yake mingi ilibebwa na Wanyamwezi wenyewe. Kiswahili cha barabara ile kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya shule za serikali. Kwa herufi hizo ana inaanza na alifu na hana inaanza na he, maumbo mawili ambayo jicho haliyachanganyi. Kwa Kirumi tofauti imekuwa h moja nyembamba iliyobandikwa mbele ya neno lililokwisha kukamilika. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 kusanifu Kiswahili cha Afrika Mashariki kwa msingi wa Kiunguja ilitupatia tahajia nyepesi kujifunza kuliko nyingi duniani. Kinachotamkwa ndicho kinachoandikwa. Lakini wepesi huo una sharti lake: lazima kitamkwe.

Mambo mengine niliyapata nje ya darasa. Tulikuwa tunatembea na watoto kijijini kutafuta maneno ya kukana yaliyoandikwa hadharani, na tuliyakuta kila mahali, kwa sababu wanadamu huandika ukutani hasa wanapokataza. "Hatukopeshi," dukani. "Nyumba hii haiuzwi," kwenye ukuta wa mtu aliyechoshwa na matapeli au na ndugu. "Usikojoe hapa," iliyoandikwa "Usi kojoe," watoto wakaiona kabla yangu na kutaka kwenda kumweleza mwenye ukuta. Katika nchi ya msitu kama ile, ambako baadaye wanavijiji waliunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ipole, makatazo yanahusu miti, wanyama na moto, na mtu anayesoma "hairuhusiwi" kama "inaruhusiwa" anaweza kujikuta mahakamani.

Bibi mmoja jirani yangu alinifundisha upande wa pili wa jambo hili. Alikuwa miongoni mwa waliopitia kisomo baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Hakuwa akisoma vitabu. Alisoma karatasi za mauzo ya tumbaku, na alizisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Nilimwuliza anatafuta nini hasa. "Natafuta kama nimelipwa au sijalipwa," akasema. "Mengine wataniambia." Nilirudi darasani na sentensi hizo mbili, amelipwa na hajalipwa, nikazifanya za kwanza katika imla ya kila wiki. Mtoto wa mkulima akimaliza shule hajui nyingine zozote, hizo azijue.

Kwa sababu ukitazama vizuri, makaratasi mengi yanayomfikia mtu wa kijijini na kubadili maisha yake yana neno la kukana mahali fulani. Mkopo haujalipwa. Shamba halina mgogoro. Mtoto hajachanjwa. Dawa hii haifai kwa mjamzito. Mwenye mali hakukubali. Kusoma majina, kuhesabu, kuweka sahihi, yote ni muhimu, lakini ulinzi wa mtu mnyonge upo katika uwezo wa kuiona hapana pale ilipoandikwa na kuiandika pale anapoitaka. Asiyeweza kuandika "sikubali" ataletewa karatasi iliyokwisha kumkubalia.

Nchi ilichukua hatua. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulijengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na hilo lilikuwa jema. Lakini katika miaka ileile mtihani wa darasa la saba ulizoesha watoto kusiliba herufi ya jibu kwa penseli. Mtoto aliweza kuchagua "hajaja" kati ya majibu aliyopewa na kupata alama, naye hajawahi kuiandika kwa mkono wake. Wapo walioiona imla ya kizamani wakaiacha, na wapo walimu wakaidi walioishikilia.

Mimi ni mmoja wa hao wakaidi, na nina ombi kwa wenzangu. Mwalimu wa darasa la pili au la tatu, popote ulipo, irudishe imla. Dakika kumi zinatosha. Anza na sikio kabla ya kalamu. Panga maneno mawili mawili, ana na hana, atakuja na hatakuja, husoma na husomi, usiyafundishe mbalimbali. Wape watoto ujumbe wa kweli wa kumpelekea mtu wa kweli, kisha mwulize aliyeupokea ameelewa nini. Usimchape mtoto kwa herufi ambayo hajaisikia, wala usiilaumu lugha ya mama yake.

Na wewe mzazi, mtoto wako akikuandikia ujumbe leo, usiridhike kwamba umeelewa alichotaka kusema. Umeelewa kwa sababu unamjua. Mwambie aandike upya kwa ajili ya mtu asiyemjua.